Saa Kumi Medhat Atapiga Simu

Mama yangu mtaa mzima wanamwita Mama Medhat. Mimi ndiye niliyezaliwa kwanza, miaka minne kabla ya huyo Medhat, mimi ndiye niliyemtesa kwa uchungu siku mbili mchana na usiku, lakini kwetu Iskandaria mama huitwa kwa jina la mwanawe wa kiume, basi mimi Sohair sikuhesabiwa. Sawa, nilishazoea. Ila wiki ile niliyokuwa nahangaikia chumba cha Dar Rayhan, kila mtu aliyenisimamisha ngazini kuniuliza "Mama Medhat hajambo?" nilitamani kumchapa kiatu.

Hajambo wapi? Mama alikuwa amefungua gesi mara tatu bila kuiwasha. Mara ya tatu nilikuwa narudi shuleni. Nafundisha kemia, gesi naijua vizuri, na harufu niliipata tangu ghorofa ya pili, sisi tunakaa ya nne. Nilipanda zile ngazi mbio na umri wangu huu wa miaka hamsini na tisa. Nikamkuta sebuleni anachambua dengu, kiberiti kiko mapajani.

"Mama! Kiberiti cha nini?"

"Namngoja mume wangu arudi, awashe sigara yake."

Baba amekufa mwaka wa kumi na tisa huu. Nikafungua madirisha yote, nikakaa chini sakafuni, nikalia mpaka nikatapika. Yeye akaniletea glasi ya maji, akaniuliza natafuta nyumba ya nani.

Dar Rayhan ni nyumba ya kutunzia wazee. Waliopoteza kumbukumbu wana ghorofa yao, wana wauguzi wao, na jikoni hawaingii kabisa. Kwa ajili ya hilo la jikoni nilisubiri nafasi miezi saba. Jumamosi akanipigia Madam Ilham, msimamizi wao. Chumba kimepatikana, ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama bustani. Watanishikia mpaka Alhamisi saa sita mchana, ikipita hapo wanampa anayefuata.

"Lakini kuna mambo mawili, mwalimu," akasema. "Watoto wote wa mzee lazima wasaini. Na mtu wetu atakuja mtaani kwenu kuuliza majirani. Tumeshaletewa wazee wenye akili zao timamu, kumbe watoto wanataka nyumba tu."

Nikasema hakuna shida. Hakuna shida! Sijui nilikuwa nafikiria nini.

Medhat yuko Doha mwaka wa kumi na mbili, fundi mkuu wa viyoyozi, na kila siku saa kumi jioni, saa ya Iskandaria, anapiga ile simu ya mezani ya nyumbani. Si kwangu, kwa mama. Na mama, jamani, saa tisa unusu anaanza kujiandaa. Anachana nywele, anapaka rangi ya midomo, anavaa hereni, anakaa wima pembeni ya simu kama anasubiri kupigwa picha. Simu ikilia anaongea dakika kumi na tano za akili safi kabisa. Anauliza wajukuu mmoja mmoja kwa jina. Anatoa salamu, anatoa dua, anacheka panapostahili. Akishaweka simu chini ananigeukia na kuniuliza, "Wewe bibie, chakula wanaleta saa ngapi hapa?"

Kwa hiyo nilipompigia Medhat kuhusu kusaini, nilijua nakwenda kugonga ukuta.

"Dada, nimetoka kuongea naye sasa hivi. Ameniuliza kama jino la Yasin limepona. Jino! Mimi baba yake nilishasahau habari ya jino."

"Ana karatasi, Medhat. Kila unachomwambia anakiandika, kesho yake anakisoma. Iko chini ya simu."

"Hata mimi naandika mambo."

"Wewe unafungua gesi?"

"Si umnunulie jiko la umeme?"

"Nimenunua! Kalitia kwenye beseni, kalisugua kwa sabuni!"

Kisha akashusha sauti, ile sauti yake ya kujifanya mkubwa wangu. "Nimempigia hata Mzee Shaaban wa dukani. Kasema mama yuko kama lulu. Sasa mtaa mzima ni waongo, wewe peke yako ndiye mkweli? Niambie ukweli, dada. Unaitaka hiyo nyumba?"

Nilimtolea maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Nikakata simu, nikaipiga meza teke, kidole kikavimba. Mama akaniambia, "Pole, bibie. Wanaume ndivyo walivyo."

Jumatatu akaja mtu wa Dar Rayhan, mama mmoja anaitwa Nagat, na begi lake na kalamu yake. Mimi nilikuwa darasani. Niliporudi nikampigia Madam Ilham, nina uhakika kabisa kwamba hilo walau limekwisha.

"Mwalimu, mbona sikuelewi," akasema. "Nagat kaongea na watu saba. Wote saba wamesema mama yako ni mzima. Mwenye duka kaapa kwa Mwenyezi Mungu. Mpiga pasi kasema anajua hesabu kuliko yeye. Mimi naandika nini hapa?"

Nilishuka ngazi sijui hata kama nilivaa viatu viwili vinavyofanana. Mzee Shaaban alikuwa nje ya duka lake anapanga matikiti.

"Wewe mzee! Umeapa kwa Mungu kwamba mama yangu ni mzima?"

"Karibu, mwalimu. Kaa, nikuitishie chai."

"Sitaki chai! Nataka kujua mama yangu amekufanya nini mpaka unataka tuungue!"

Akaingia ndani, akavuta pazia la nyuma ya kaunta, akanionyesha rafu. Nikaona miwani ya mama. Nikaona rimoti ya televisheni niliyoiacha mezani asubuhi. Ndala moja. Picha ya baba na fremu yake. Kitasa cha mlango. Na pakiti za sukari, nyingi, zimepangwa.

Sisi wa ghorofa za juu hatuteremki kwa kila kitu. Mtu anafunga kikapu kwa kamba, anakishusha kutoka roshani, anapiga kelele anachotaka, mwenye duka anatia, yeye anavuta. Mama amefanya hivyo miaka hamsini. Nilijua bado anashusha kikapu. Sikujua ni mara ngapi.

"Mara ishirini kwa siku," Mzee Shaaban akasema. "Siku nyingine thelathini. Kila mara sukari. 'Shaaban, sukari!' Natia sukari. Anavuta. Baada ya robo saa kinashuka tena, na ndani kuna kitu, miwani, sijui kitasa, na anataka sukari. Kila siku kabla hujarudi nampa bawabu vitu avirudishe, na sukari aiteremshe, leo tu kachelewa. Tunakwenda hivyo mwaka wa pili sasa."

"Mwaka wa pili! Na sukari ya nini? Mama ana kisukari, haigusi!"

"Mimi siulizi. Anataka, natia." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Mwalimu, mke wangu alipokufa, nani alimwosha? Mama Medhat. Kwa mikono yake, na akatoka pale hakusema neno kuhusu mwili wake ulivyokuwa umeharibika. Alimsitiri. Leo aje mtu na begi asiyejulikana alikotoka, nimwambie Mama Medhat kapotewa na akili? Sithubutu."

"Mmemsitiri mpaka mnaniua mimi."

"Kwa nini hukutuambia wewe ndiwe uliyemtuma?"

"Ningekwambia, ungesema kweli?"

Akafikiri. "Hapana," akasema.

Afadhali angedanganya. Nilirudi juu nimebeba kitasa na picha ya baba, nikampigia Madam Ilham tena, kisha Medhat palepale, sikumpa hata salamu. "Madam Ilham kasema ukija mwenyewe kusaini mbele yake, maneno ya majirani atayaweka kando. Panda ndege. Ukimkuta mama ni mzima nitakuomba radhi katikati ya mtaa, na Mzee Shaaban awe shahidi."

"Nakuja," akasema. "Nakuja kukukomesha."

Akaja Jumatano saa sita mchana, na sanduku lake na manukato yake na ndevu alizofuga huko. Mama ndiye aliyefungua mlango. Mimi nilisimama nyuma yake, mikono kifuani, namngoja.

"Umechelewa, fundi," mama akamwambia. "Hita ya bafuni inavuja tangu juzi. Vua viatu."

Medhat akacheka. "Mama, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Medhat, mama."

Uso wa mama ukabadilika. "Medhat yuko Doha. Usinitanie na jina la mwanangu, fundi. Bafu ni huko."

Ndugu yangu akanitazama mimi, eti mimi ndiye niliyemfundisha! "Ni hizi ndevu," akasema. "Hajawahi kuniona na ndevu, ndiyo maana." Akaacha sanduku mlangoni, akashuka kwa kinyozi. Wallahi alikwenda kunyoa. Nusu saa baadaye akarudi, mashavu meupe, kijeraha cha wembe kidevuni, akasimama mbele ya mama akitabasamu kama mtoto wa siku ya kwanza shuleni.

Mama akamkagua juu mpaka chini. "Wamekuleta na wewe? Yule mwenye ndevu alikuwa na adabu zaidi. Hata hodi hukupiga."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Medhat hakucheka. Alikwenda bafuni akakaa humo muda, na tukasikia anagongagonga bomba la hita.

Saa tisa unusu mama akaanza kujiandaa. Nywele, rangi ya midomo, hereni. Akavuta kiti karibu na simu. Medhat alikuwa kwenye kochi, hatua tatu kutoka kwake, anaangalia.

"Fundi, chai yako inywe taratibu," mama akamwambia. "Saa kumi mwanangu atapiga simu. Sitaki kelele."

Saa kumi ikafika. Simu kimya. Kumi na dakika tano. Mama akainua mkono wa simu akausikiliza, akaurudisha. Kumi na dakika kumi midomo ikaanza kumtetemeka, rangi ikamchafukia. "Amepata ajali," akasema. "Kule wanaendesha vibaya. Bibie, mwanangu amepata ajali."

"Piga," nikamwambia Medhat. "Piga, mwenzangu, unangoja nini?"

Akaingia jikoni na simu yake ya mkononi. Simu ya mezani ikalia. Na mama akachanua, mgongo ukanyooka, sauti ikarudi.

"Medhat, roho yangu! Mimi? Kama lulu, mwanangu." Huku anaongea, anavuta karatasi kutoka chini ya simu, anafuata mistari kwa kidole. "Jino la Yasin limepona? Alhamdulillahi. Na dada yake Lamia anamaliza lini mitihani?"

Medhat alikuwa amesogea mpaka mlango wa jikoni. Alikiona kidole. Alimwona mama akipotea mstari, akirudi juu, akiuliza habari ya jino mara ya pili.

"Mama," akasema kwenye simu, na sauti yake ikasikika simuni na mlangoni pia, "niambie ukweli. Unaumwa?"

Mama akaziba simu kwa kiganja, akanigeukia, akaninong'oneza kwa hofu sijawahi kuiona kwake. "Bibie, nisaidie. Ameanza kushuku. Nimwambie nini? Akijua kichwa kimeniharibika atarudi, akirudi atapoteza kazi, na wale watoto bado wadogo."

Mama akanibana mkono. "Haraka!"

"Mwambie uko kama lulu," nikasema.

"Kama lulu, Medhat," akamwambia. "Siumwi hata ukucha. Nyumbani wapo mafundi tu, wameshakunywa chai mara mbili hawajafanya kitu."

Medhat aliaga, akakata simu. Alipiga magoti pale jikoni, mbele ya lile jiko la gesi, akalia kwa kwikwi. Mimi nilikuwa nimeyaandaa maneno tangu Jumamosi, ya kumwambia si unaona, si nilikwambia, na yale ya nyumba nayo nilikuwa nimeyawekea jibu lake. Niliyaacha yote. Nikamwambia mama fundi kajigonga kidole.

Alhamisi asubuhi nikafunga nguo za mama kwenye sanduku la Medhat. Saa nne kila kitu tayari, teksi chini, na mama kwenye kiti chake pembeni ya simu hataki kunyanyuka.

"Siendi popote. Mwanangu atapiga."

"Anapiga saa kumi, mama. Sasa hivi ni saa nne!"

"Na akipiga mapema?"

Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Saa nne na nusu. Nikamshika mkono kumnyanyua, akanipiga kofi, la nguvu kabisa. Nikamgeukia Medhat. "Wewe ndiye mwanawe. Fanya kitu, saa sita watakitoa chumba!"

Akashuka chini. Dakika mbili baadaye simu ya mezani ikalia. Nilimwona kutoka roshani amesimama mbele ya duka la Mzee Shaaban, mgongo ameupa ukuta.

"Naam, Medhat," mama akasema. "Yupo, amesimama hapa. Ana shida gani? Maskini. Haya, mwanangu, nitamsindikiza, kwa nini nisimsindikize? Mradi nirudi kabla ya saa kumi." Akaweka simu, akachukua mkoba wake, akanitazama kwa upole ambao sikuupata kwake mwaka mzima. "Twende, bibie. Kwa nini hukusema mapema?"

Tukateremka ngazi zote zile, yeye ndiye ameshika mkono wangu. Mtaa ulikuwa umetoka nje. Mpiga pasi alizima redio yake. Mimi hakunisalimia hata mmoja, na sikutaka salamu zao.

"Mama Medhat, safari ya wapi?" Mzee Shaaban akauliza, na sauti yake ilikuwa inakwaruza.

"Namsindikiza huyu, ana shida. Kikapu changu kiangalie, Shaaban."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akaja kwenye dirisha la teksi upande wangu, akaniwekea mapajani mfuko wa pakiti mbili za sukari. "Akiomba, apewe," akaniambia.

Dar Rayhan tulifika saa tano na nusu. Ofisi ya Madam Ilham ina viti vinne na sahani ya peremende. Medhat kitu cha kwanza aliuliza kama chumbani kuna simu ya kupokea kutoka nje. Ipo. Akasaini. Nikasaini. Madam Ilham akatia muhuri, akamgeukia mama kwa tabasamu lake la kazi.

"Karibu sana, mama yetu. Umekuja na nani leo?"

Mama akasogeza kiti mbele, akashusha sauti, akawa anaongea naye mtu mzima kwa mtu mzima, mimi nimekaa pembeni nasikia kila neno.

"Nimekuleteeni huyu," akasema, akiniwekea mkono begani. "Hana mtu. Nimekaa naye muda mrefu, ni wa nani sijui, lakini haondoki. Anafoka, ndiyo, msimchukulie vibaya, anachoka. Mpeni chumba chenye dirisha. Na chai yake anakunywa sukari vijiko vitatu, msimpunguzie. Mimi kila siku namnunulia."

Vijiko vitatu ni vyangu tangu niko darasa la pili.

Kalamu ya Madam Ilham ilisimama. Medhat akageukia ukutani. Mimi niliyekuwa na jibu la kila mtu wiki nzima nikauinamia ule mfuko wa Mzee Shaaban nikaukumbatia, machozi yakawa yanadondokea kwenye pakiti.

"Usilie, bibie," mama akanambia, akinipangusa kwa ncha ya mtandio wake. "Watakuzoea hawa. Ijumaa nitakuja kukuona." Kisha akatafuta mkoba wake chini ya kiti, akauliza ni saa ngapi, maana saa kumi Medhat atapiga simu.

Nikamwambia ni saa sita kasorobo, bado mapema.